Ukaguzi wa rangi ya kiwandani kwa magari ya zamani, Malindi: tathmini ya huduma

Malindi haina uhaba wa mafundi wa kupuliza rangi. Kuanzia Barani hadi Kisumu Ndogo utawakuta wakiwa kazini, na wengi wao ni hodari. Aliyekuwa adimu ni fundi wa kulikagua gari la zamani ambalo bado lina rangi lililotoka nayo kiwandani, akamweleza mwenyewe ni dosari zipi zilizaliwa na gari na zipi zililipata barabarani, kisha akajizuia kuligusa pasipo haja. Huduma ya namna hiyo sasa inapatikana katika gereji ndogo iliyo kando ya barabara iendayo Lamu, kabla ya kufika daraja la Sabaki, na naiandikia tathmini kwa sababu naamini inaokoa magari ambayo yangepotea chini ya puti na rangi mpya. Mwenye gereji hapendi jina lake lisambazwe mtandaoni, nami nimeliheshimu ombi lake. Anayemhitaji amwulize mwendesha bodaboda yeyote wa upande huo habari za gereji ya magari ya zamani, naye ataelekezwa.

Gari nililolipeleka ni Peugeot 504 ya mwaka 1982, nyeupe iliyoelekea rangi ya maziwa, niliyoachiwa na ami yangu. Aina hii haihitaji utangulizi mrefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 yenye injini ya V6. Nyingi kati ya zile zilizobaki Pwani ziliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha AVA, nazo zimebeba abiria, samaki, mabibi harusi na wagonjwa kwa miaka mingi kiasi kwamba ni chache mno zilizosalia na rangi yao ya kwanza. Langu limesalia nayo karibu yote. Hata hivyo kila fundi niliyempitia kabla ya huyu alinipa ushauri ule ule: lipigwe msasa mpaka kwenye bati, lipakwe puti, lipulizwe upya. Hoja yao ilikuwa ule uso wake, ambao ukiutazama kwa upande wakati jua limeinama unaonyesha vibonyeo vidogo vidogo mfano wa ganda la chungwa, pamoja na michuruzi ya rangi iliyoganda sehemu za chini za milango. Wote waliamini kwamba hiyo ilikuwa kazi mbaya ya fundi fulani wa zamani, kumbe ilikuwa kazi ya kiwanda chenyewe.

Inafaa kueleza kwa nini kiwanda kilitoa gari lenye kasoro hizo, maana hapo ndipo ilipo thamani ya huduma hii. Rangi ikipulizwa hufika kwenye bati ikiwa matone madogo mno, na matone hayo yanahitaji muda wa kutandaa na kuungana kabla thina haijaruka. Rangi ikiwa nzito kupita kiasi, upepo wa bomba ukiwa hafifu, bomba likiwa mbali na bati au joto likiwa kali, thina huruka mapema na uso hubaki na vibonyeo. Ikiwa nyepesi mno, au ikirundikwa mahali pamoja, huchuruzika. Kiwanda kilijua yote haya, lakini kilikuwa kikikimbizana na muda. Tangu mwaka 1923, General Motors ilipoanza kuyapaka magari yake ya Oakland rangi ya Duco kutoka DuPont, ambayo ilikauka kwa muda mfupi sana kuliko rangi za brashi zilizokuwa zikingojewa kwa majuma, upakaji wa rangi uliacha kuwa kazi ya subira na ukawa hatua moja katika msururu wa kazi usiosimama. Miaka ya 1960 na 1970 bodi zilipita mbele ya wapulizaji moja baada ya nyingine. Mtu aliyeshika bomba alijitahidi pale mnunuzi atakapotazama, yaani juu ya boneti, kwenye paa na kwenye milango kwa nje. Ndani ya buti, kwenye kingo za milango na chini ya boneti alipitisha mkono mara moja akaendelea na bodi iliyofuata. Ndiyo maana ukifungua buti la gari lisiloguswa utaikuta praima, yaani rangi ya chini ya kushikia bati, inachungulia kwenye pembe, utazipapasa chembe za vumbi zilizogandia ndani ya rangi, na utaona gundi ya kuzibia maungio ya bati imepakwa kwa haraka huku nyayo za brashi zikionekana wazi.

Fundi huyu anazifahamu alama hizo moja moja, na namna anavyozitafuta ndiyo inayompa heshima. Kazi huanza kwa kuliosha gari kwa maji ya mfereji yatokayo Baricho, wala hatumii maji ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na tone lake likikaukia juu ya rangi iliyochoka huacha duara jeupe ambalo mtu anaweza kulidhania ni kasoro ya rangi yenyewe. Gari likishakauka husukumwa ndani ya banda, na hapo fundi hutumia tochi aliyoilaza sambamba na bati, ili mwanga upite juu ya uso kwa mshazari na kila kibonyeo kitoe kivuli chake. Hafanyi haraka. Paa peke yake lilimchukua muda ambao fundi mwingine angekuwa ameshanitajia bei ya kazi nzima.

Alipofika mlango wa nyuma wa kulia aliufungua, akapiga goti, akaniita. Chini kabisa, kwenye ukingo wa kizingiti ambapo raba ya mlango hukaa, kulikuwa na mchuruzi mmoja wa rangi wa urefu wa kidole, umevimba mwishoni. Akachukua kijiti cha plastiki, akaiinua raba taratibu bila kuichana, akaniambia, "Tazama hapa, bwana mkubwa, mchuruzi umepita wapi." Ulikuwa umepita chini ya raba na kuendelea hadi upande wa pili, na mgongoni mwake raba ilikuwa imeacha alama ya kukandamiza kwa miaka mingi. Rangi iliyokuwa chini ya raba ilikuwa nyororo na nyeupe zaidi kuliko ya nje, kwa kuwa jua lilikuwa halijapata kuifikia. Maana yake ni moja tu. Kiwandani bodi hupakwa ingali tupu, kabla ya raba, vioo, viti na nyaya kutiwa, na kwa hiyo rangi huenda kila mahali bila kizuizi. Gereji inayopaka gari zima lililokwisha kuunganishwa hufunika raba kwa karatasi na gundi, na rangi yake hukomea kwenye karatasi hiyo. Mchuruzi ule, ambao wengine walitaka kuufuta kwa msasa, ulikuwa ni ushahidi kwamba mlango ule haujaguswa tangu ulipotoka kiwandani.

Upande wa pili wa gari ulitoa ushahidi wa kinyume chake. Digadi la nyuma la kushoto lilikuwa laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, na mimi siku zote nilikuwa nikilihesabu kuwa ndilo lililohifadhika vizuri zaidi. Fundi alipitisha ukucha kando ya taa, akapata mstari mwembamba uliosimama kama ukingo wa karatasi. Kwenye raba ya kioo kulikuwa na ukungu hafifu wa rangi nyeupe, na ndani ya buti, nyuma ya digadi hilo hilo, alama za duara za kuchomelea bati, ambazo upande wa kulia zilionekana waziwazi, zilikuwa zimezibwa. Gari liliwahi kugongwa hapo, likanyooshwa na kupakwa upya na mtu aliyejua kazi yake. Kilichonivutia ni kwamba sehemu iliyotengenezwa baadaye ndiyo iliyokosa dosari za kiwanda, na jicho lisilozoea, kama langu, huusifu ulaini huo.

Baada ya macho na mikono huja kipimo cha unene wa rangi, chombo kidogo cha kushika mkononi ambacho hubandikwa kwenye bati na kutoa namba kwa maikroni, ambazo elfu moja zake ni milimita moja. Rangi ya kiwandani ya gari la umri huu aghalabu huwa kati ya maikroni 80 na 150. Paa langu lilisoma kati ya 90 na 120, milango ya kulia ikazidi hapo kidogo, na lile digadi likasoma zaidi ya 300. Kama puti ingekuwa nyingi chini yake, namba ingeweza kupita 1,000 kwa urahisi. Fundi huandika kila kipimo juu ya mchoro wa gari uliochorwa kwa mkono, na mchoro huo ndio unaoondoka nao.

Hapa nampa sifa nyingine, kwa sababu nimeona watu wakikiabudu kipimo hiki kuliko kinavyostahili. Gari lililokwanguliwa mpaka kwenye bati kisha likapulizwa tabaka nyembamba linaweza kusoma maikroni 120 na lisiwe na tone moja la rangi ya kiwanda. Yeye hukichukulia kipimo kuwa shahidi mmoja miongoni mwa wengi, na hakubali kutoa hukumu mpaka namba zikubaliane na raba, na boliti za boneti ambazo rangi ya vichwa vyake haijavunjwa na spana, na alama za kuchomelea, na gundi ya maungio. Vilevile chombo chake kinafanya kazi kwa njia mbili. Vipimo vya bei nafuu hutegemea sumaku, na sumaku haiishiki alumini, kwa hiyo haviwezi kusoma chochote kwenye milango ya Land Rover za zamani, ambazo tangu mwaka 1948 bodi zake zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini uitwao Birmabright. Siku niliyokuwa hapo palikuwa na Land Rover moja ya kijani ikingoja zamu, na alinionyesha jinsi chombo kinavyobadili njia kikigusa bodi yake, kikitumia mkondo wa umeme uzungukao ndani ya madini badala ya sumaku. Kwa mji ulio na Land Rover nyingi za zamani kama Malindi, jambo hilo si dogo.

Nilimwuliza kama rangi ya aina ile haiwezi kurudishwa na fundi mzuri. Jibu lake ndilo lililonituliza moyo juu ya uamuzi wa kutolipaka gari. Kiwandani bodi tupu ikishapulizwa huingizwa katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 100, na rangi hukomaa kwa kuokwa. Gari lililokwisha kuwa na raba, nyaya, vioo na viti haliwezi kutiwa katika joto hilo, na ndiyo maana gereji hutumia rangi ya kuchanganya na kigumishi ambayo hukomaa kwa kemikali katika joto la kawaida au la chini. Ni rangi nzuri, na kwa gari lililokwisha kupoteza rangi yake ndiyo njia ya haki, lakini ni kitu kingine: mng'ao wake, ugumu wake na namna inavyozeeka ni tofauti. Rangi ya kwanza ikishakwanguliwa haipo tena, na hakuna fedha inayoweza kuinunua. Tena kuna la afya. Rangi nyingi za zamani za njano, chungwa na nyekundu zilitengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, na vumbi lake linapopigwa msasa ni sumu kwa fundi na kwa watoto wanaocheza karibu na gereji. Katika gereji hii nimeona barakoa zikivaliwa na maji yakitumika kila panapokwanguliwa, jambo ambalo ningependa kuliona mahali pengine mjini.

Msomaji atakayesema kwamba haya ni mapenzi ya watu wachache wa Malindi ajue kwamba wenzetu wa nchi nyingine wameyawekea kanuni. Marekani kuna National Corvette Restorers Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho waamuzi wake hulilinganisha gari na lilivyotoka kiwandani, na gari lililong'arishwa kupita kiwango cha kiwanda hupunguziwa alama. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina Hati ya Turin ya mwaka 2013 ambayo hutanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukitengeneza upya. Kwetu Kenya macho yetu yamezoea mashindano ya Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, ambako magari husafishwa hadi uvunguni, na ni mashindano ninayoyapenda. Lakini mng'ao umetufundisha kuuona uzee wa rangi kuwa ni uchafu, na ningefurahi sana siku moja kuona gari lenye michuruzi yake ya kiwandani likisimama pale na kupewa heshima yake.

Huduma hii haimaanishi kwamba kila doa huachwa. Fundi hutenganisha kwa ukali kati ya vitundu vidogo vilivyoachwa na thina iliyochemkia ndani ya rangi kwenye tanuri, ambavyo havina madhara, na malengelenge ya kutu ambayo yanatoka chini na kula bati. Kwa macho ya haraka hufanana. Yeye hubonyeza kwa ukucha: kitundu cha kiwandani ni kikavu na kigumu, lengelenge la kutu hulegea na kutoa unga wa kahawia. Kwa hewa ya bahari yetu, inayobeba chumvi msimu wa kusi na wa kaskazi pia, lengelenge likiachwa huenea. Gari langu lilikuwa na matatu chini ya kioo cha mbele, naye aliyatibu kwa kukwangua eneo dogo kabisa, akapaka dawa ya kuzuia kutu, akagusia rangi kwa brashi ndogo, na kwa hiari yake akakataa kupuliza upande mzima. Mavi ya kunguru, ambao wametuzidi nguvu mji mzima, nayo huyaondoa mapema, maana yana asidi na hula rangi, na matone ya utomvu yadondokayo chini ya miarubaini huyalainisha kwa maji ya vuguvugu badala ya kuyakwaruza.

Kuhusu kung'arisha alikuwa mwangalifu kuliko nilivyotarajia. Rangi nyeupe ya gari langu haina tabaka la vanishi juu yake, kwa hiyo kitambaa chenye polishi hutoka cheupe, na wengi huogopa wakidhani gari linaharibika. Kumbe ni dalili ya rangi ya tabaka moja. Unga unaotoka ni ule uliokwisha kuchomwa na jua. Tatizo ni kwamba kila mpitisho wa kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, huondoa sehemu ya unene, na kwenye kingo rangi ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Alizifunika kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kuanza, akang'arisha kwa mkono bila mashine, akapima tena, na aliporidhika akapaka nta. Vibonyeo vya ganda la chungwa vimebaki vyote. Gari linang'aa kama gari la umri wake lililotunzwa, na mtu akiinama bado anauona mchuruzi wake mlangoni.

Kuna mambo yanayohitaji kurekebishwa. Ripoti ni ule mchoro wa mkono pekee, bila picha, na kwa mtu anayetaka kuuza gari au kulikatia bima haitoshi. Picha chache za simu zilizopangwa vizuri zingeondoa upungufu huo bila gharama. Banda lina paa la mabati, na kuanzia saa tano asubuhi joto lake humfanya mteja atoke nje, ilhali maelezo ya fundi ndiyo sehemu bora ya huduma na hayafai kukosekana. Kupata nafasi pia ni kazi, kwa kuwa mkaguzi ni mmoja, na vijana wake, ingawa ni wasikivu, bado hawajaruhusiwa kusoma gari peke yao. Ningetamani awafundishe kwa haraka zaidi kuliko afanyavyo sasa.

Ukaguzi wa gari zima ni shilingi 4,000, na kung'arisha kwa mkono pamoja na nta hulipiwa mbali kulingana na ukubwa wa gari; kwa kazi inayofanywa, bei hiyo ni ya haki kabisa. Mteja apeleke gari asubuhi mapema, lisiwe limeoshwa kwa maji ya kisima wala kupakwa polishi yoyote majuma ya karibuni, na kama ana picha za zamani za gari azichukue, kwa kuwa fundi huzilinganisha na anachokiona. Ijumaa hufunga kabla ya swala na hafungui tena mpaka Jumamosi.